Tarihi ya Debe

Katika vyombo vyote vilivyopata kuingia katika nyumba za watu wa Afrika ya Mashariki, tangu mitungi ya wafinyanzi wetu hata sahani za Kichina ambazo wazee wa pwani walizipachika katika kuta za misikiti na nguzo za makaburi, sijui kimoja kilichokuja kwa unyonge kikazaa vitu vingi kama debe. Na hata hivyo ni wachache waliojisumbua kulitungia tarihi, kwa sababu waandishi wa tarihi huvutwa na viti vya enzi, panga na majahazi, ilhali debe lilikaa uani, jikoni na juu ya paa, mahali ambapo kalamu haifiki ila kwa kupotea njia.

Debe ninalolinena ni lile la asili, la bati jembamba, lenye pande nne zilizo sawa, upana wa sentimita 24 hivi na kimo cha sentimita 35, lililolehemiwa pembeni kwa risasi na kujazwa galoni 5 za Kimarekani za mafuta ya taa, ambazo ni zaidi kidogo ya galoni 4 za Kiingereza. Madebe hayo yalisafiri mawili mawili ndani ya sanduku la mbao, na katika ghala za bandari hesabu ya mafuta ilikuwa hesabu ya masanduku. Neno lenyewe tulilipokea kwa Wahindi wenye maduka, ambao kopo lolote lenye kifuniko kwao ni daba au dabo. Nasi, kama ilivyo desturi ya ulimi wetu, tukalikaribisha, tukalipa wingi wake, na baada ya miaka michache likawa halina haja tena ya kuulizwa kabila lake.

Kabla ya hapo nyumba za pwani ziliangaziwa kwa mafuta ya nazi, ya ufuta au ya mbarika, yaliyotiwa katika kisahani chenye utambi wa pamba. Mwaka 1859 mafuta yalichimbwa kwa kisima huko Pennsylvania, na haikupita miaka mingi Wamarekani wakawa wanayasafisha na kuyapeleka kila bandari iliyokubali kuyapokea. Unguja iliwajua zamani: mkataba wa biashara baina yao na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na nguo yao ilikwisha kuvaliwa hata Tabora na Ujiji kwa jina la merikani. Meli zilizoleta merikani na kurudi na pembe na karafuu hazikuona taabu kuongeza shehena ya masanduku ya mafuta. Bati la madebe hayo kwa muda mrefu lilitengenezwa Wales, likavuka bahari kwenda Marekani, likakunjwa, likajazwa, kisha likavuka bahari nyingine kuja kwetu. Kwa hiyo debe lililotua forodhani Unguja lilikuwa limekwisha kusafiri kuliko nahodha aliyelileta.

Hapa sina budi kutoka nje ya pwani yetu kidogo, kwa ajili ya kisa kimoja kilichotokea Mashariki ya mbali, maana kisa hicho kinaeleza jambo ambalo kwetu lilijulikana na kila bibi mwenye jiko bali halikuandikwa. Alikuwapo London mfanyabiashara aitwaye Marcus Samuel, mwana wa mtu aliyeuza visanduku vilivyopambwa kwa makombe ya baharini. Huyu aliona kwamba kuyatia mafuta katika madebe, madebe katika masanduku, na masanduku katika meli, ni gharama isiyo na maana, akaunda meli ambayo tumbo lake lenyewe ni tangi. Mwaka 1892 meli hiyo, jina lake Murex, ilipita katika mfereji wa Suez na mafuta ya Urusi, ikaelekea Singapore na Bangkok. Hesabu ilikuwa njema: mafuta yangeshuka rahisi, yangewekwa katika matangi pwani, na wanunuzi wangekuja na vyombo vyao wenyewe kuteka, nao Wamarekani wenye madebe ya buluu wangeshindwa kwa bei.

Wanunuzi hawakuja. Mafuta rahisi yalikaa katika matangi, na watu wakaendelea kununua yale ya ghali yaliyo ndani ya debe. Ilipochunguzwa sababu, ikaonekana kwamba katika nchi zile debe la buluu lilikuwa limekwisha kuwa paa, ndoo, kikombe, sanduku na taa, na kwamba mtu aliyelipa bei ya mafuta alikuwa ameingiza debe katika hesabu yake toka alipotoka nyumbani. Samuel alilazimika kupeleka shehena za bati tupu na kufungua karakana za kukunja madebe huko huko, akayapaka rangi nyekundu, na haukupita muda wekundu ukaonekana juu ya mapaa pamoja na buluu. Kampuni yake, iliyosajiliwa mwaka 1897, ilichukua jina la Shell, yaani kombe, na hadi leo inauza mafuta ulimwenguni pote.

Mimi hukitazama kisa hiki kila nisikiapo mtu akisema kwamba maskini hugeuza takataka kuwa mali. Debe halikuwa takataka hata siku moja. Lilikuwa bidhaa, na aghalabu lilikuwa bidhaa iliyo bora katika zile mbili, kwa kuwa mafuta yalikwisha baada ya majuma machache, na debe lilibaki miaka kumi.

Nalo halikuja kwa watu wasiojua kazi hiyo. Atakayetaka kujua adabu ya pwani juu ya vitu na autazame mnazi: nazi ikikwisha kukunwa, kifuu hutiwa mpini kikawa upawa au kata ya maji, makumbi hufukiwa matopeni, yakapondwa, yakasokotwa kamba, na kwa kamba hizo mitepe ilishonwa bila msumari hata mmoja, makuti huezekwa, chicha hupewa kuku. Mtu aliyelelewa katika mazoea hayo, akipewa chombo cha bati kisichovuja, chepesi, chenye ukubwa wa kubebeka, hakuhitaji mwalimu.

Kazi ya kwanza ilikuwa maji. Debe lilikatwa kifuniko, likatiwa kijiti cha kukingama katikati kwa mkono, na likachukua mahali pa mtungi, ambao ni mzito hata ukiwa mtupu na ukianguka umekwisha. Wachukuzi wa maji wa Mombasa na Unguja walitundika madebe mawili katika ncha za mti wa begani, ndio mzega, wakapita vichochoroni wakiuza. Na mzega ukawa si mti tu bali pia kipimo, maana aliyeagiza mzega mmoja aliletewa madebe mawili. Debe moja la maji lina uzito wa ratili 40 za Kiingereza, unaozidi frasila kwa ratili 5 hivi. Basi mchukuzi alikuwa na zaidi ya frasila mbili begani, pekupeku, juu ya mawe ya matumbawe, toka alfajiri hata adhuhuri. Nalisema hili ili mapenzi yetu kwa chombo yasitusahaulishe bega lililokibeba.

Kipimo hicho cha maji kilizaa kipimo cha nafaka. Vipimo vya wazee vilikuwa kibaba, na vibaba viwili ni kisaga, na vinne ni pishi. Navyo vilikuwa na ubishi wake, kwa sababu kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni kwa kiganja, na kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka nafaka ianze kumwagika, na kila mnunuzi alidai tele, na kila mwuzaji alipenda mfuto. Pishi ya mji huu haikulingana daima na pishi ya mji ule. Debe likaja na tabia ambayo pishi haikuwa nayo: lilikunjwa kwa mashine, na debe la Lamu lilikuwa ndugu pacha wa debe la Kigoma. Bila ya amri ya sultani wala gavana, wakulima na wachuuzi wakakubaliana nalo, na mahindi, mpunga, maharagwe na mihogo mikavu vikaanza kuuzwa kwa debe. Mashamba ya kahawa ya Kenya yakawalipa wachumaji kwa debe. Na gunia likahesabiwa kwa idadi ya madebe yaliyomo. Kampuni za mafuta za Marekani, ambazo hazikuwa na habari yoyote na mpunga wa Rufiji, ziliutengenezea kipimo.

Kutoka kipimo nende kwa mafundi. Wahindi walikuwa na mafundi bati wao mijini, na vijana wa Kiafrika waliofanya kazi kwao, wakishika mkasi, nyundo na chuma cha kulehemia, waliiba kazi kwa macho, kama kazi zote nzuri zinavyoibwa, kisha wakaenda kukaa chini ya mti wao wenyewe. Fuawe lilikuwa kipande cha reli. Mkononi mwa fundi huyo debe moja lilikuwa na vitu vingi: ndoo, beseni, faneli, kopo la kumwagilia miche, kipande cha kukunia muhogo kilichotobolewa kwa msumari, seredani ya makaa, birika, sanduku la mwanafunzi. Mabaki ya vipande vidogo hayakutupwa, kwa kuwa ndiyo yaliyofanywa vibatari. Kibatari ni kikopo chenye kifuniko, na katikati ya kifuniko mrija mwembamba wa bati uliopitisha utambi wa kitambaa. Hakina kioo, hutoa moshi, na masizi yake huacha alama katika pua za watoto wanaosomea mbele yake. Lakini kilimwezesha mtu wa chini kabisa kuwa na taa, ilhali kandili ya dukani ilihitaji akiba ya miezi. Na kuna jambo ndani yake ambalo mimi hulionea raha: bati lile lile lililoyavusha mafuta baharini ndilo lililokatwa likawa taa ya kuyachoma.

Sasa nipande juu ya paa, maana huko ndiko debe lilikoweka heshima yake na aibu yake pia. Ukilikata debe kingo, ukalifungua na kulipigapiga mpaka likalala, hupata kipande kinachokaribia urefu wa mita 1 kwa upana wa sentimita 35. Ukiondoa sehemu za kupandana, hubaki kama robo ya mita mraba. Basi nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi wa katikati, yenye paa la mita mraba 100, kwa hesabu yangu yataka madebe 400. Hakuna mtu anayemaliza mafuta kiasi hicho. Mwenye nyumba aliyakusanya kwa miaka, au aliyanunua matupu kwa wenye maduka, upande mmoja wa paa ukitangulia mwingine ukingali makuti, hata mapaa ya mitaa mingi yakawa ni daftari la uchumi wa mwenyewe, lisomwalo na kila apitaye: hapa alikuwa na kazi, hapa aliugua, hapa mwanawe alirudi kutoka safari.

Nairobi ndiko mtindo huo ulikoshika sana. Mji ule ulizaliwa kwa reli, na mwaka 1902 uliingiwa na tauni, soko la Kihindi likateketezwa kwa amri ya wakuu. Na tangu hapo wenye mamlaka waliziogopa nyasi na makuti kwa panya na kwa moto. Katika Pangani, kijiji cha Waswahili na watu wengine wa kuja, na katika Pumwani iliyopimwa viwanja miaka ya 1920, nyumba za miti na udongo ziliezekwa madebe yaliyonyoshwa, yakapakwa lami ili kutu isiyamalize upesi. Madebe hayashiki moto, hayaliwi na mchwa, wala hayahitaji kubadilishwa kila baada ya masika machache. Mchana, kwa hakika, yaligeuza chumba kuwa tanuri, na mvua ikinyesha mazungumzo yalikoma, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumsikia mwenziwe. Bibi yangu, aliyekaa chini ya paa la namna hiyo sehemu kubwa ya umri wake, alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo saa pekee ambayo wakwe zake walinyamaza.

Wenye kutawala hawakuliona paa hilo kwa macho ya bibi yangu. Katika maandiko yao nyumba ya madebe ilikuwa ni uchafu wa kuondolewa, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ya Nairobi ilivunjwa, watu wake wakahamishiwa Pumwani na katika nyumba mpya zilizopewa jina la Shauri Moyo, jina ambalo lenyewe lina malalamiko ndani yake. Yapaswa kukumbukwa, ili insafu itendeke, kwamba walowezi wa Kizungu waliotangulia Kenya walikalia viti na kabati zilizotengenezwa kwa mbao za masanduku ya mafuta, wakaogea maji yaliyochemshwa katika debe. Lakini kwao mambo hayo yaliitwa ustahamilivu wa waanzilishi, na yalisimuliwa kwa kicheko.

Vita viwili vikuu vilimwaga madebe nchini, kwani petroli ya magari ya jeshi ililetwa katika chombo hicho hicho, na vita vya pili ndivyo vilivyoandika mwisho wake. Katika jangwa la Libya jeshi la Waingereza liligundua kwamba debe jembamba likirushwarushwa juu ya lori huvuja, na mafuta mengi yalipotea mchangani. Askari wakaona afadhali kulikata katikati, kulitia mchanga na petroli, na kulifanya jiko la chai. Wajerumani walikuwa na chombo chao kigumu cha lita 20, chenye vishikio vitatu, kilichobuniwa kabla ya vita. Waingereza walikiteka, wakakiiga, wakakiita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani, na kutoka hapo sisi tukapata neno jerikeni. Amani iliporudi, vituo vya kuuzia mafuta vilienea, plastiki ikafuata, na pole pole debe la bati likaadimika. Dumu la mafuta ya kula, lililokwisha kutumika, likachukua kazi yake ya maji, kwa desturi ile ile na bila ya sherehe.

Mafundi hawakufa pamoja na debe. Walihamia katika mapipa ya lita 200, na pipa likafunguliwa kama lilivyofunguliwa debe, likatoa makarai, majiko, majembe ya kuchotea na masanduku. Gerezani katika Dar es Salaam na Kamukunji katika Nairobi ndiyo makao yao mashuhuri, na apitaye huko asubuhi husikia kishindo kabla hajaona mtu. Miaka mingi walifukuzwa na askari wa mji kwa kosa la kufanya kazi pasipo idhini na pasipo paa, na kutokana na huko kukosa paa wakapata jina la jua kali. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa walichapisha taarifa juu ya Kenya, wakasema kwamba watu hawa wana manufaa, wanazalisha kwa mtaji mdogo, na kwamba serikali ingefanya vema kuacha kuwasumbua. Na mwaka 1985 Rais Moi alikwenda Kamukunji mwenyewe, akaagiza wajengewe mabanda. Sikumbuki kuwa nimesoma popote fundi aliyestaajabu kuambiwa kwamba ana manufaa.

Siku hizi kuna maneno makubwa juu ya kutumia tena na kuhifadhi mazingira, na huletwa kwetu katika semina, pamoja na picha, kama ugeni. Siyapingi, maana maana yake ni njema. Nastaajabu tu kwamba yule aliyevunjiwa nyumba yake kwa sababu ya paa la madebe hakuishi kuyasikia.

Chombo kimekwenda, lugha haikukubali kukiaga. Bado debe tupu haliachi kuvuma, ijapokuwa kijana anayeambiwa hivyo huenda hajapata kulisikia likivuma. Vituoni mwa mabasi mpiga debe hana debe mkononi, ana koo tu. Katika Kenya wanasiasa hukutana debeni, nako ni kwenye sanduku la kura. Na sokoni watu wanapima bado kwa debe, ambalo ni ndoo ya plastiki ya lita 20, nyeupe au ya buluu, iliyorithi jina bila kurithi pembe nne.

Wala debe halikukosa mtoto. Nyanya, vitunguu na viazi katika masoko ya Tanzania huuzwa kwa sado, na sado ni kopo la rangi ya nyumba la lita 4, lililochukua jina lake kwa kampuni ya rangi, Sadolin, kama Kenya ilivyofanya gorogoro ya mahindi kwa kopo la kilo 2 la mafuta ya kupikia. Juma lililopita nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akinunua viazi. Alikichukua kile kisado kabla hakijajazwa, akakipindua, akapitisha kidole gumba chini yake kutafuta kama kitako kimegongwa kikaingia ndani, nacho kilikuwa kimegongwa. Hakusema neno. Alikirudisha mezani, akamtazama mwuzaji, na yule mwuzaji, naye hakusema neno, akakijaza mpaka juu, kisha akaongeza viazi vitatu vya kilemba, na kimoja kikaanguka, akakiokota, akakirudisha juu.